Mchezo Uanze Saa Saba Mchana

 

Mtu wa Likasi akiamka alfajiri, akavaa vizuri, akawaaga wa nyumbani kwamba anakwenda Lubumbashi, hakuna anayeshangaa. Sababu zinajulikana. Ana mgonjwa hospitalini. Ana mtoto chuo kikuu, anampelekea unga na mafuta. Anafuata karatasi ofisini, ileile aliyoambiwa mwezi uliopita kwamba iko tayari. Anakwenda kununua viputa, yaani vitenge, vya kuuza. Au ni siku ya mpira, Mazembe wanacheza Kamalondo, na hapo utaona basi ndogo zimejaa tangu asubuhi, bendera nyeusi na nyeupe zinapepea madirishani. Sababu hizo zote ninaziheshimu. Lakini leo nataka kuzungumzia sababu moja ambayo ni nadra sana kuisikia kituoni: mtu aseme, "Ninakwenda Lubumbashi kuangalia mchezo wa nyimbo, jioni nitakuwa nimerudi."

Sizungumzii tamasha la mwanamuziki mmoja anayeimba nyimbo zake kumi na mbili na kutaja majina ya matajiri. Nazungumzia hadithi yenye watu wake na mkasa wake, ambayo waigizaji wanaisema, maneno yakiwashinda wanaiimba, na sauti ikiwashinda wanaicheza kwa miguu. Wengine wanadhani hayo ni mambo ya London na New York, ya watu wenye kumbi za dhahabu na viti vya mahameli. Si kweli. Sisi watu wa shaba tulikuwa nayo kabla wengi wetu hatujazaliwa.

Katika miaka ya 1950, kwenye mtaa wa Kenya hapa Lubumbashi, vijana waliunda kundi wakajiita Jeunes Comiques de la Kenya, na watu wakalifupisha jina wakasema Jecoke. Waliimba, walicheza, walifanya sarakasi, walichekesha, yote hayo katika onyesho moja. Edouard Masengo, ambaye wazee wetu bado wanalikumbuka gitaa lake, alirekodi nao. Ndugu yake Mwenda Jean-Bosco, mtoto wa Bunkeya, ndiye yule ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 pale Likasi, siku zile ikiitwa Jadotville, na vidole vyake vikawashangaza wapiga gitaa wa dunia nzima. Watu wanamkumbuka Bosco kwa sababu santuri hudumu. Jecoke wanasahaulika, kwa sababu mtu akipinduka hewani huku anaimba na wenzake wanacheka, santuri haiwezi kulishika jambo hilo. Ilibidi uwepo.

Kisha tukampata mwigizaji Mufwankolo. Nikilitaja jina hilo hapa mjini, hata leo, kuna mzee atakayeanza kutabasamu kabla sijamaliza. Kundi lake liliigiza kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi, kile cha sokoni na cha kambini, wakatoka jukwaani wakaingia redioni, wakatoka redioni wakaingia televisheni. Mwaka 1986 profesa Johannes Fabian, mtaalamu wa mila na tamaduni aliyekuwa akifundisha Amsterdam, alikaa nao wakitayarisha mchezo mmoja juu ya msemo kwamba mamlaka huliwa mazima, hayagawanywi. Mwaka 1990 akatoa kitabu kizima kuhusu kazi hiyo. Wanaodhani teatre ya watu wa kawaida ni mchezo wa kubahatisha wangefaa wakisome. Hapakuwa na maandishi ya kukariri. Waliketi, wakajadili maana ya msemo, wakabishana, wakagawana sehemu, kisha kila mwigizaji akatafuta maneno yake mwenyewe mazoezini, na mwenzake akamjibu kwa yake. Nyimbo na ngoma zilikuwa na nafasi yake humo. Hiyo ni kazi ya akili nyingi, na walioifanya ni watu ambao asubuhi walikuwa na kazi nyingine za kuwalisha watoto.

Mimi ni mtu wa redio, na ninaipenda redio, lakini lazima niseme jambo hili waziwazi. Redio na televisheni zilimpeleka Mufwankolo mpaka kila nyumba, na kwa kufanya hivyo zilitufundisha kwamba mchezo ni kitu kinachotujia tukiwa tumekaa. Watu wa Likasi hawakuwa na haja ya kusafiri. Ni faida kubwa, ila kuna kitu kilipotea. Kicheko cha watu mia tatu si kicheko cha baba, mama na watoto wanne sebuleni. Ukumbini unamsikia mama usiyemjua akiguna nyuma yako, na unajua kwamba jambo lililokuuma wewe limemuuma na yeye. Hicho ndicho ambacho mtu wa Likasi anakifuata kilomita 120.

Sasa tuingie kwenye jumba lenyewe la teatre. Nyote mnalijua, hata kama hamjui lilijengwa kwa kazi gani. Lile jengo kubwa la karibu na makumbusho, tunaloliita Bâtiment du 30 Juin, lilikuwa teatre ya mji. Lilibuniwa na Mbelgiji Claude Strebelle na wenzake, likakamilika mwaka 1956. Mwaka huohuo kampuni ya madini ya Union Minière ilikuwa inasherehekea miaka 50 tangu kuundwa kwake, na mwaka huohuo chuo kikuu chetu kilianza. Mji ulikuwa na fedha, na ulitaka kuonyesha kwamba si kambi ya wachimbaji tu.

Lakini mji ule ulikuwa umekatwa vipande. Kati ya mtaa wa Wazungu na mitaa ya Waafrika uliachwa ukanda mtupu, upana wake kama mita 700, eti ili mbu wasiruke kutoka huku kwenda kule. Na kwa miaka mingi ya ukoloni, giza likiingia, Mwafrika hakuruhusiwa kuwa upande wa Wazungu bila kibali. Tafakarini jambo hilo. Teatre ni kitu cha jioni. Taa zinazimwa ukumbini, zinawashwa jukwaani, watu wanatoka usiku. Jumba la jioni likajengwa katika mji ambao jioni yake ilikuwa imepigwa marufuku kwa watu wengi waliochimba shaba yake, walioiyeyusha na walioujenga mji. Sheria haikuhitaji kuandika mlangoni nani aingie na nani asiingie. Saa peke yake ilitosha.

Watu wa Johannesburg, mji mwingine uliozaliwa na mgodi, walilijua tatizo hilo vizuri. Mwaka 1959 walitengeneza mchezo wao mkubwa wa nyimbo, King Kong, kisa cha bondia aliyepanda juu akaanguka, muziki wa Todd Matshikiza, na Miriam Makeba akiwa miongoni mwa waimbaji wakuu. Waliufungua katika ukumbi wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, kwa sababu hapo ndipo weusi na weupe waliweza kuketi katika ukumbi mmoja. Mwaka 1961 mchezo ukafika London. Kabla ya kutafuta makofi walitafuta mahali na namna ambayo watu wao wataweza kuja na kurudi. Ninalisisitiza hilo kwa sababu sisi tunaanza upande wa pili: tunachagua ukumbi mzuri na saa ya heshima, halafu tunauliza kwa nini watu hawakuja.

Uhuru ulipokuja, jumba letu la 1956 likachukuliwa na siasa. Wabunge waliketi walipotarajiwa kuketi watazamaji. Hadi leo wengi wetu tunalijua kwa vikao vya bunge la jimbo, si kwa michezo. Wasanii wakabaki wanahamahama: mara ukumbi wa parokia, mara uwanja wa shule, mara Halle de l'Étoile ya Wafaransa, ambayo kwa haki lazima tuishukuru, maana vijana wengi wa mji huu walipanda jukwaani mara ya kwanza pale. Kituo cha sanaa cha Waza na wenzao wa Picha nao wamefungua milango kwa wachoraji, wapiga picha, wacheza dansi. Kipaji hakijakosekana. Marehemu Dorine Mokha, mcheza dansi aliyetutoka mwaka 2021 akiwa bado kijana, alishirikiana na Mswisi Elia Rediger kutengeneza kazi ya muziki juu ya migodi yetu wakaiita Hercules wa Lubumbashi. Ni jina zito, na mji huu unalistahili.

Niwaambie nilichokiona mwenyewe, maana bila hicho nisingekuwa na sababu ya kusema leo.

Vijana fulani wa hapa walitayarisha mchezo wa nyimbo kuhusu mama mmoja na mwanawe anayeshuka shimoni kuchimba. Sitawataja, na sitautaja ukumbi, kwa sababu nitakayoyasema yanatokea kila mahali. Gitaa mbili, ngoma, kwaya ya watu kumi hivi. Vifaa vya jukwaani vilikuwa vichache: gunia, taa ya kichwani, na mizani, ile ya kuning'inia inayotumika kwenye depo za wanunuzi wa madini. Kijana anakuja na gunia lake. Mnunuzi analitundika kwenye mizani, anataja uzito. Kwaya inajibu kwa wimbo, lakini inaimba namba ndogo kuliko ile aliyotaja. Kijana anabisha. Mnunuzi anashika tena mizani, kwaya inaimba namba ndogo zaidi. Halafu kinakuja kipimo cha ubora wa madini, na namba inashuka tena. Kila namba iliposhuka, sauti ya kwaya nayo ilishuka ngazi moja, mpaka wakabaki wanaume wawili wa sauti nzito wakinguruma tu, na kijana amesimama na noti chache mkononi.

Ukumbi ulilipuka. Watu hawakucheka, walisimama. Walikuwemo ba mama waliotoka Likasi, wanakwaya wa parokia moja, wamevaa viputa vya sare, wamekodi basi ndogo kwa michango yao. Mmoja wao alinyoosha kidole kuelekea mizani akasema kwa sauti, "Ni ileile!" Hakuwa anamwambia mtu yeyote. Alikuwa ameiona mizani ileile iliyompunja mwanawe, au mumewe, au yeye mwenyewe, imetundikwa mbele za watu na hakuna anayeweza kuificha.

Sasa sikilizeni kilichofuata. Mchezo ulitangazwa saa tisa alasiri. Ulianza saa kumi na moja jioni, kwa sababu alikuwa anasubiriwa mheshimiwa. Mheshimiwa alipofika alipewa maua, akahutubia, akapigwa picha. Vijana walikuwa nyuma ya pazia wamevaa tangu saa nane, jasho limeharibu poda usoni. Na ba mama wa Likasi walikuwa wanaangalia saa. Kufika saa kumi na mbili na nusu, kabla ya sehemu ya mwisho, dereva wao aliingia ukumbini akasimama ukutani. Hakusema neno, alionyesha funguo tu. Dereva hakuwa na kosa, barabara anaijua yeye. Ba mama wakaanza kuinuka mmoja mmoja, na walitoka kinyumenyume. Walitembea kuelekea mlangoni nyuso zao zikiwa jukwaani, wakigongana na viti, kwa sababu mama wa kwenye mchezo alikuwa ndiyo kwanza ameanza kuimba. Mpaka leo hawajui kama mwanawe alitoka shimoni.

Jambo hilo linaniuma. Watu wamechanga fedha miezi mingi, wameamka usiku, wamesafiri, wamevumilia hotuba, halafu wanaondoka bila mwisho wa hadithi. Nasema wazi kwamba wamenyang'anywa. Na aliyewanyang'anya si mwizi wa njiani, ni saa. Zamani saa ilitungiwa sheria na mkoloni, sasa tunaipanga wenyewe.

Wale wasioijua barabara hiyo watasema ninazidisha. Basi tuitazame. Asubuhi ni barabara nzuri kuliko zote ninazozijua. Ukitoka Likasi jua likichomoza, ukapita Luisha, msimu wa mvua utawakuta watoto na ba mama wamepanga uyoga pembeni, mingine mikubwa kama sahani, wanainyanyua juu gari likikaribia. Magunia ya makaa yamesimama mawili mawili, yamezibwa mdomo kwa majani. Embe zikiwa tayari, unazinunua dirishani bila kushuka. Basi nzima inazungumza. Watu wanaokwenda kwenye furaha huanza kuifurahia njiani, na hiyo ni nusu ya thamani ya safari.

Lakini barabara hiyohiyo ndiyo njia ya malori. Yanashuka na shaba kuelekea mpakani Kasumbalesa, na yanapanda na salfa, chokaa, mafuta na asidi kwa ajili ya viwanda vya migodini. Mchana unayaona. Usiku unaona taa, na mara nyingine huoni hata taa, unaona tu kitu cheusi kimesimama katikati ya njia na matawi yamewekwa nyuma yake kama onyo. Mtu mwenye watoto nyumbani haipendi njia hiyo baada ya jua kuzama, na hapa kwetu jua linazama karibu saa kumi na mbili, mwaka mzima haipishani sana.

Na hapo ndipo nataka kusimama kidogo, maana barabara hii nayo imeimbwa.

Tarehe 20 Februari 2019, kwenye kijiji cha Kabwe, kando ya barabara ya Kolwezi na Lubumbashi, lori lililobeba asidi ya sulfuriki lilipata ajali na basi la abiria, mahali penye soko. Asidi ilimwagika juu ya watu. Walikufa watu wapatao 20, wengine wakabaki na vidonda na viungo vilivyokatwa. Wengi wetu tuliisikia habari hiyo siku mbili tatu, kisha zikaja habari nyingine.

Karibu miaka mitano baadaye, tarehe 22 Januari 2024, katika Grand Théâtre ya Geneva, kule Uswisi, ilifunguliwa opera inayoitwa Justice, yaani haki, kuhusu Kabwe. Muziki ni wa Hèctor Parra, Mkatalunya. Aliyeongoza jukwaa ni Mswisi Milo Rau. Na maneno, ndugu zangu, maneno yaliandikwa na Fiston Mwanza Mujila, aliyezaliwa katika mji huu mwaka 1981, yule aliyeandika riwaya ya Tram 83. Mwenyewe alisimama jukwaani pia. Hadithi inafunguka kwenye karamu: kampuni ya madini inazindua shule, meza zimepangwa, wageni wamevaa, na waliokufa na walioumia wanaingia karamuni kwa nyimbo. Serge Kakudji, mtoto wa Katanga mwenye sauti ile ya juu inayopanda kama ya mwanamke, aliimba nafasi ya kijana aliyepoteza miguu. Axelle Fanyo aliimba nafasi ya mama aliyefiwa na mtoto. Kojack Kossakamvwe alipiga gitaa la umeme, gitaa la kwetu, katikati ya orkestra ya Waswisi.

Sina ugomvi na Geneva. Ninaona ilifaa sana iimbwe kule, katika nchi ambako makampuni makubwa ya kununua na kuuza madini yana ofisi zake. Wasikie. Msiba wa watu wa sokoni Kabwe ulipewa orkestra kamili na jukwaa lenye heshima, na wapo waliolia kwa ajili yetu bila kutujua. Na si mara ya kwanza nyimbo za huku kwenda huko. Mwaka 1958 onyesho la ngoma la Changwe Yetu lilitoka hapa Lubumbashi, siku zile ikiitwa Élisabethville, likaenda Brussels kwenye maonyesho makubwa ya dunia, na mwaka huohuo Missa Luba, iliyozaliwa Kamina kwa padri Guido Haazen na waimbaji wake wa Kiluba, ilisikika Ulaya. Ninajivunia hayo yote.

Ila mtu wa kwanza ambaye hadithi ya Kabwe inamhusu ni yule anayepanda basi kwenye barabara ile kesho asubuhi. Yeye ndiye anayelijua lori la asidi kwa harufu yake. Kusikiliza hadithi hiyo ukumbini, ukiwa umefika kwa njia hiyohiyo na utarudi kwa njia hiyohiyo, si sawa na kuisikiliza ukiwa umekuja kwa tramu ya Geneva. Ninaamini hivyo kwa moyo wote, na ndiyo maana nataka mchezo uletwe kwenye barabara yake.

Sasa, tufanye nini? Nina maombi machache, na yote ni ya kawaida.

La kwanza ni saa. Mchezo unaotaka watu wa nje ya mji uanze saa saba mchana, siku ya Jumamosi. Hesabu ni nyepesi. Basi inaondoka Likasi saa kumi na mbili asubuhi. Hata ikisimama kwa uyoga na kwa vizuizi vya njiani, saa tatu au saa nne iko Lubumbashi. Watu wananunua walichotumwa, wanakula bukari na sombe au samaki, wananawa uso, wanaingia ukumbini. Saa tisa mchezo umekwisha, na umekwisha kweli, mpaka wimbo wa mwisho. Saa tisa na nusu wako njiani, jua likizama wanaziona nyumba za kwanza za Likasi. Kwa Kipushi ni rahisi zaidi, ni kilomita 30 tu. Kwa Kasumbalesa inawezekana vizuri, malori ya mpakani yakiruhusu. Kwa ndugu wa Kolwezi sitadanganya: kilomita 300 kwenda na 300 kurudi si safari ya siku moja kwa mtu anayejipenda. Wao walale kwa jamaa, au mchezo uwafuate.

Saa saba ina faida nyingine ambayo wenye kumbi wataielewa haraka. Umeme ukikatika mchana, unafungua madirisha na mchezo unaendelea. Ukikatika usiku unawasha jenereta, na mafuta ya jenereta yanakula kiingilio chote. Nimeona makundi yaliyojaza ukumbi na bado yakarudi nyumbani na deni la mazuti.

La pili, asisubiriwe mtu. Mheshimiwa akija kwa wakati, kiti chake kiko mbele, tutampigia makofi. Akichelewa aingie polepole na aketi panapopatikana. Wenzetu wa mpira wanalijua hili. Tangu Mazembe wafungue uwanja wao mwaka 2011, hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mpira umesubiri mtu saa mbili. Refa akipuliza, umepulizwa. Ndiyo maana mtu wa Likasi anathubutu kusafiri kwa ajili ya mpira: anajua saa ya kuanza, anajua saa ya kumaliza, anajua bei, dereva anajua pia. Watazamaji wa teatre wanastahili uaminifu uleule, na wasanii wetu ndio wa kwanza kuudai, wakatae kusimama nyuma ya pazia tangu saa nane.

La tatu ni tiketi. Leo muuza mboga analipwa kwa simu. Basi mtu wa Kambove aweze kulipia kiti chake kwa simu, apate ujumbe wake, na asikute mlangoni kwamba nafasi zimekwisha kwa marafiki wa waandaaji. Na wenye basi ndogo waongee na makundi: nauli na kiingilio viende pamoja, dereva apewe kiti chake ndani. Dereva aliyeuona mchezo tangu mwanzo hataonyesha funguo kabla ya wimbo wa mwisho.

La nne ninalisema kwa wabunge wetu wa jimbo, kwa heshima yote. Jumba la 1956 lilijengwa liwe na jukwaa. Siwaambii mhame. Nawaomba Jumamosi moja kwa mwezi, mchana, milango ifunguliwe kwa waigizaji. Vikao vyenu havifanyiki Jumamosi saa saba. Mtoto wa Katuba, wa Ruashi, wa Kamalondo aingie pale alipokatazwa babu yake, aketi, aangalie watu wa mji wake wakiimba habari za mji wake.

Na la mwisho ni kwa Fiston Mwanza Mujila, popote alipo, na kwa vijana wetu wenye sauti na gitaa. Kaka, maneno ya opera yako uliyaandika kwa Kifaransa, na kule walihitaji orkestra kubwa. Hapa hatuna orkestra hiyo. Tuna gitaa mbili, ngoma, kwaya za parokia zinazoweza kusimama mbele ya kwaya yoyote, na tuna waigizaji waliorithi kwa Mufwankolo ufundi wa kutafuta maneno yao wenyewe. Tupeni ruhusa. Kiwepo Kiswahili chetu cha huku, si cha vitabuni. Tuanzie Lubumbashi, twende Likasi, twende Kolwezi, na njiani tusimame Kabwe, tukiwaomba kwanza wenye msiba kama wanataka. Wakikubali, iwe siku wanayoichagua wao, saa saba mchana, pembeni kabisa ya barabara, na malori yasimamishwe kwa saa mbili.